Sisimizi Ndani ya Nyumba: Kufukuza Si Kuua, na Kuua Si Kumaliza

Mkazi wa Mwanza anayelalamika kwamba sisimizi wamevamia kabati lake la vyombo hakosi washauri. Jirani mmoja atamwambia apake ndimu, mwingine atamwelekeza kwenye majivu ya jikoni, muuza viungo sokoni atampendekezea karafuu, na kijana anayepita mtaani na bidhaa mkononi atamuuzia chaki. Kila mmoja ataapa kwamba dawa yake inafaa, na kinachowachanganya watu ni kwamba wengi wa washauri hao wanasema kweli. Ndimu inafaa, majivu yanafaa, hata povu la sabuni linafaa. Tofauti ni kwamba kila kimoja kina kazi yake, na mtu anayekitumia kwa kazi isiyo yake atarudi wiki ijayo akisema kwamba amedanganywa.

Kazi zenyewe ni nne. Ya kwanza ni kufuta njia wanayoifuata sisimizi. Ya pili ni kuwazuia wasivuke mahali fulani. Ya tatu ni kuwaua wale wanaoonekana. Ya nne, ambayo ndiyo pekee inayokata mzizi wa tatizo, ni kuliua kundi zima pamoja na malkia wake huko lilikojificha. Dawa nyingi za nyumbani zinazosifiwa ni za kazi tatu za mwanzo, ilhali mwenye nyumba anayezitumia huwa anatarajia matokeo ya kazi ya nne.

Kabla ya dawa yoyote ni lazima kuhakikisha kwamba mgeni aliyeingia ni sisimizi. Mchwa, ambao watu wengi huwaweka katika fungu moja na sisimizi, ni wadudu wa ukoo mwingine kabisa, na kwa nasaba wako karibu zaidi na mende. Mchwa hula mbao, karatasi na nyasi, husafiri ndani ya vijia vya udongo wanavyovijenga ukutani, na kiwiliwili chao hakina kiuno, wakati sisimizi ana kiuno chembamba kinachoonekana wazi hata kwa jicho lisilo na miwani. Wakati wa mvua, kumbikumbi walioangusha mbawa sakafuni ni mchwa waliotoka kuanzisha makazi mapya. Mbawa zao nne hulingana urefu, ilhali sisimizi mwenye mbawa huwa na mbili ndefu na mbili fupi. Kama tatizo ni mchwa, makala haya hayatakusaidia sana, kwa sababu dawa za jikoni haziwafikii walipo, na ni heri kumwita fundi kabla kenchi za paa hazijaliwa.

Siafu nao ni habari nyingine. Hawa hawana makazi ya kudumu. Husafiri kwa maelfu kwa maelfu, hasa ardhi inapokuwa na unyevu, na wenyeji wa upande wa Bukoba wenye nyumba zilizozungukwa na migomba wanawafahamu vizuri kuliko sisi wa mjini. Siafu wakiingia ndani, jambo la busara ni kumtoa mtoto mchanga, mgonjwa asiyeweza kutembea, kuku walio bandani na mbuzi aliyefungwa kamba, kisha kuwaachia nyumba kwa saa kadhaa. Watapita wakila mende, panya wachanga na mayai ya wadudu, halafu wataondoka. Kumwaga mafuta ya taa katikati ya msafara wao huwatawanya tu, wakaenea kila chumba. Majimoto, wale wekundu wanaoshona majani ya mwembe, huuma kwa ukali lakini ni nadra kuweka makazi ndani ya nyumba. Kukata matawi yanayogusa bati hutosha.

Waliobaki ni sisimizi wadogo wa nyumbani: wengine wa rangi ya asali, karibu hawaonekani, wengine weusi wanaokimbia huku na huko bila mpangilio, wengine wa kahawia ambao baadhi yao wana vichwa vikubwa kupita kiasi. Duniani wataalamu wameshazipa majina zaidi ya aina 14,000 za sisimizi, ila wanaosumbua ndani ya nyumba ni wachache, na tabia zao kuu zinafanana kiasi cha kutosha kwa mtu wa kawaida kupanga mashambulizi.

Tabia ya kwanza ya kuelewa ni namna wanavyopeana habari. Sisimizi wanaotoka nje ya kiota ni sehemu ndogo tu ya kundi, tena mara nyingi ni wale wazee, kwa kuwa vijana hubaki ndani kulea mabuu. Mpelelezi mmoja hutangulia akizurura. Akikuta tone la chai yenye sukari mezani hurudi nyumbani akigusisha tumbo chini na kuacha alama ya harufu, na wenzake huifuata alama hiyo, kila anayerudi ameshiba akiiongezea nguvu. Ndiyo maana asubuhi unaweza kumwona sisimizi mmoja na kumpuuza, na saa sita mchana ukakuta mstari kamili kutoka dirishani hadi kwenye kopo la sukari. Wanachokifuata zaidi ni harufu hiyo. Imo sakafuni na ukutani, na mtu anayewaua wasafiri bila kuifuta barabara amefanya nusu ya kazi.

Tabia ya pili ni ya ajabu zaidi, na ndiyo ufunguo wa tiba nzima. Sisimizi mzima hawezi kumeza chakula kigumu. Koo lake huchuja, likaruhusu kimiminika kupita na kuzuia punje. Vipande vya nyama, dagaa au mkate anavyovibeba huvipeleka kwa mabuu, na mabuu ndio wenye uwezo wa kuvimeng'enya na kuwarudishia walezi wao kwa umbo la majimaji. Zaidi ya hayo, kibarua, yaani sisimizi wa kazi, ana tumbo la pili, la kuhifadhia, ambalo yaliyomo ndani yake si mali yake peke yake: akirudi kiotani huwagawia wenzake mdomo kwa mdomo, na wao huwagawia wengine, hadi tone lililokunywewa mezani kwako linamfikia malkia ambaye hajawahi kuiona nyumba yako. Anayeelewa jambo hili ataacha kuona fahari ya kuua sisimizi hamsini kwa kitambaa. Hao hamsini ni vibarua ambao pengo lao huzibika. Malkia anaendelea kutaga. Katika baadhi ya aina malkia huishi miaka mingi, na yupo mmoja wa aina ya sisimizi weusi wa Ulaya aliyefugwa akaishi zaidi ya miaka 28.

Kwa nini huingia ndani, na kwa nini Mwanza huonekana kana kwamba wana misimu yao? Sababu ni chakula, maji na hifadhi, lakini mji huu una mambo yake. Sehemu kubwa ya mji imejengwa juu na kando ya vilima vya mawe ya matale, ambapo udongo ni mwembamba na maji ya mvua huteremka juu ya mwamba badala ya kuzama. Sisimizi waliochimba kwenye udongo huo mchache kati ya mawe, kama ule wa Bugando, Isamilo au Mabatini, hufurikiwa upesi, na nyufa za msingi wa nyumba ndizo sehemu kavu iliyo karibu nao. Hivyo mwanzo wa vuli, mnamo Oktoba na Novemba, na wakati wa masika kuanzia Machi, hupanda wakiwa na mayai na mabuu mdomoni. Kiangazi cha Juni hadi Agosti hali hugeuka: ardhi imekauka, nao huja kutafuta maji kwenye sinki, bafuni na chini ya ndoo ya maji ya kunywa. Kwa hiyo aliyeondoa sukari yote mezani mwezi Julai na bado akawaona, asishangae. Huenda wamefuata bomba linalovuja.

Chakula nacho cha mkoa huu ni cha kuwavutia. Dagaa waliokaushwa, walionunuliwa Mwaloni Kirumba na kuachwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, wana protini na mafuta ambayo kundi lenye mabuu mengi huyatamani kuliko sukari. Magamba ya sato na sangara yaliyobaki kwenye karo, mabaki ya ugali kwenye mwiko, kopo la mafuta ya kupikia lililochuruzika ubavuni, vyote vina wateja. Halafu wapo wale wadudu wadogo wa ziwani ambao nyakati za mwezi mwandamo hupaa kutoka majini kama moshi mzito na kuishia kwenye taa za nyumba zilizo karibu na ufuko. Asubuhi mizoga yao hurundikana chini ya taa ya barazani na kwenye kingo za madirisha, na sisimizi huja kuizoa. Mwenye nyumba huwaona sisimizi akasahau mizoga, akanunua dawa pale ambapo ufagio ungetosha. Kuzima taa ya nje mapema usiku wa siku hizo, na kufagia kingo za madirisha kabla ya jua kupanda, ni tiba ya nyumbani isiyo na gharama hata kidogo, na nashangaa jinsi inavyotajwa mara chache.

Sasa tuzitazame dawa zenyewe kwa kazi zake.

Kufuta njia ndiyo kazi rahisi. Maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya kuoshea vyombo, au siki iliyochanganywa na maji kiasi kwa kiasi, yakipakwa kwa kitambaa kwenye mstari wote kuanzia chakula hadi tundu walilotokea, huondoa alama ya harufu na kuwaacha waliobaki wakizunguka bila kujua pa kwenda. Ndimu hufanya hivyohivyo, na maganda yake yana mafuta yanayowachukiza. Hapa pana tahadhari ndogo: siki na ndimu haziui kundi, na harufu yake hupotea muda mfupi baada ya kukauka. Asidi yake pia huchubua sakafu ya terazo na marumaru, kwa hiyo kwenye sakafu za namna hiyo sabuni ni bora zaidi, tena ni ya bei nafuu.

Kuzuia ndiyo kazi ya viungo. Karafuu na mdalasini vina mafuta makali ambayo sisimizi huyaepuka, na karafuu chache ndani ya kopo la sukari au pembeni mwa kabati huweza kuwageuza njia kwa siku kadhaa, hadi mafuta hayo yatakapopungua. Majivu makavu yakimwagwa kama utepe kwenye kizingiti hufanya kazi kwa njia nyingine: ni vumbi laini linalowang'ang'ania miguuni, linawakausha, tena linafunika alama ya harufu. Chaki ya kawaida ya shuleni hufanya kazi hiyohiyo, ila kwa udhaifu zaidi. Vyote hivi hushindwa na upepo na unyevu, na katika nyumba iliyo mita chache kutoka ziwani unyevu si mgeni. Pilipili ya unga nayo hutajwa sana. Sioni sababu ya kuitumia, kwani humpiga chafya mwenye nyumba kabla ya kumsumbua sisimizi, na mtoto akiigusa kisha akashika macho, kilio chake kitakuwa tatizo kubwa kuliko lile la mwanzo.

Kizuizi kilicho bora kuliko vyote ni cha kizamani, nacho ni maji. Miguu minne ya kabati la chakula ikisimamishwa ndani ya makopo yenye maji, na kabati likawa haligusi ukuta wala pazia, sisimizi hana daraja la kupitia. Tone la sabuni ya maji lisikosekane, kwa sababu maji matupu yana utando juu yake unaoweza kumbeba mdudu mwepesi, na vumbi likitanda humjengea njia. Sabuni huuvunja utando huo, akazama. Sabuni hiyohiyo husaidia kwa jambo la pili ambalo ni zito zaidi katika mkoa wenye malaria kama huu. Kopo la maji yaliyotulia ni mazalia ya mbu, na mbu huweza kukua kutoka yai hadi kuruka kwa wiki moja hivi au zaidi kidogo, kwa hiyo maji hayo yamwagwe na kubadilishwa kila baada ya siku chache. Hakuna faida ya kuokoa sukari na kufuga mbu.

Kazi ya tatu, ya kuua wanaoonekana, ina dawa nyingi, na baadhi yake ni za hatari kuliko sisimizi wenyewe. Iliyo salama ni maji ya sabuni ndani ya chupa ya kupulizia: sabuni hulegeza nta inayofunika mwili wa mdudu na kuyaruhusu maji kuingia kwenye vitundu anavyovutia pumzi, akafa papo hapo. Maji yanayochemka yakimwagwa kwenye kiota kilicho uani huua wengi, lakini hufika chini kwa kina kidogo tu, huunguza mizizi ya mimea, na mtu anayebeba sufuria ya maji hayo kwenye ngazi za mawe za mitaa ya mlimani anacheza na ngozi yake.

Mafuta ya taa ningeyaondoa kabisa kwenye orodha. Yanashika moto, harufu yake huingia kwenye unga na mchele, na mtoto akiyanywa kutoka kwenye chupa ya soda, yanaweza kuingia mapafuni na kumletea homa kali ya mapafu. Chaki zinazouzwa kama dawa ya wadudu, zile zenye maandishi ya Kichina kwenye pakiti, ni hatari kwa namna ya udanganyifu zaidi: zinafanana kabisa na chaki ya shule, mtoto atazitafuna au kuandikia, ilhali zilizopimwa katika nchi mbalimbali zimekutwa na sumu za kuulia wadudu kama deltamethrini, mara nyingi bila kuandikwa kiasi wala maelekezo. Kwamba zinaua sisimizi haibishaniwi. Kinachobishaniwa ni kama sumu isiyo na maelezo ichorwe mstari kwenye rafu ya mkate.

Kwa wakazi wa ufukoni ipo pia dawa ya shambani ambayo baadhi ya watu huileta nyumbani, yaani utupa. Majani ya mmea huu yana rotenoni, sumu inayoua wadudu na ambayo kwa samaki ni kali mno. Hapo kale ilitumika kulewesha samaki mtoni. Mtu anayeosha sakafu kwa maji ya utupa na kuyamwaga kwenye mtaro unaoteremkia ziwani anapeleka sumu ya samaki mahali ambapo maelfu ya jirani zake wanapata riziki. Kwa ajili ya sisimizi tu, haifai.

Tunafika kwenye kazi ya nne, na hapa inabidi kwenda taratibu. Ili kuliua kundi unahitaji chambo, na chambo chema kina sifa tatu: kinapendwa, kina umajimaji au ulaini wa kutosha kunywewa, na sumu yake huua polepole. Sifa ya tatu ndiyo inayowashinda watu. Sumu inayoua haraka humwangusha kibarua njiani kabla hajagawa alichobeba, na malkia hubaki salama. Sumu inayochelewa siku moja au mbili humruhusu kufika, kugawa, kurudi na kubeba tena. Mvuvi wa ziwani anajua kwamba chambo si cha kumshibisha samaki wala kumtisha, na hapa kanuni ni ileile.

Kemikali inayofaa kwa matumizi ya nyumbani ni asidi ya boriki, unga mweupe unaopatikana katika baadhi ya maduka ya dawa, au boraksi, chumvi yake. Hapa ndipo mkanganyiko mkubwa hutokea, kwa sababu jikoni kwetu kuna unga mweupe wa kila aina, na ushauri unaotoka mdomo hadi mdomo huwa umebadilishwa. Magadi tunayowekea maharage yaive upesi si boraksi, hata kidogo. Hayo ni chumvi za sodiamu za aina ya kabonati, na hayawaui sisimizi kwa njia ya chambo. Bikabonati ya kuumulia maandazi nayo si boraksi. Wapo wanaoshikilia kwamba sisimizi akila bikabonati iliyochanganywa na sukari hujaa gesi akapasuka, lakini maelezo hayo hayana ushahidi wa kuridhisha, na sisimizi anaweza kabisa kuchagua punje za sukari akauacha unga. Simulizi ya namna hiyo ipo pia kuhusu unga mkavu wa mahindi, kwamba humvimbia tumboni. Msomaji aliyefuatilia habari ya koo linalochuja ataona mwenyewe kasoro yake: punje hizo hazifiki tumboni mwa sisimizi mzima, na anayezipeleka kwa mabuu anawapelekea chakula.

Vipimo ni hivi. Chukua kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, yaani kama mililita 250, koroga ndani yake vijiko 8 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha asidi ya boriki mpaka vyote viyeyuke. Hapo sumu ni takriban asilimia 1, na watu wengi wakiona kiasi hicho huona ni kidogo mno, wakaongeza. Wasiongeze. Mchanganyiko mkali hukataliwa na sisimizi au huwaua mapema, na hayo ndiyo makosa mawili yanayofanya chambo kisemwe kuwa hakina maana. Lowesha pamba kwa mchanganyiko huo, iweke kwenye kifuniko cha chupa au kibati kidogo, na ukitegeshe kando ya mstari wao, si juu yake, mahali ambapo mtoto na paka hawafiki: nyuma ya jokofu, chini ya sinki, ndani ya kopo lenye mfuniko uliotobolewa vitundu vidogo.

Kabla ya kutengeneza kingi, wapime kwanza wanataka nini. Weka kwenye karatasi tone la asali upande mmoja na kipande cha dagaa kilichopondwa na mafuta kidogo, au siagi ya karanga, upande wa pili, kisha uangalie baada ya saa moja wamejaa wapi. Wakichagua mafuta, chambo cha sukari hakitawavuta, na badala yake utachanganya asidi ya boriki kidogo sana ndani ya siagi ya karanga. Kundi moja linaweza kutaka sukari mwezi huu na protini mwezi ujao, kulingana na wingi wa mabuu yaliyomo kiotani, kwa hiyo jaribio hili dogo hurudiwa kila wanapoanza kukidharau chambo.

Kinachofuata ndicho kinachohitaji moyo. Saa chache baada ya kutegesha utaona sisimizi wengi kuliko mwanzo, wamekizunguka chambo wakinywa. Usiwapulizie chochote. Usifute mstari wao, usipitishe siki, usiweke karafuu karibu. Hapa ndipo kazi hizi nne zinapogombana: dawa ya kufuta njia na ya kufukuza, ambazo ni njema siku nyingine, zikitumiwa siku ya chambo zinawazuia wasafirishe sumu kwenda nyumbani. Njia ya kupita kwenye tatizo hili ni kugawa maeneo: futa na zuia pale penye chakula cha watu, kama mezani na kwenye kabati, na uwaachie njia huru pale ulipotegesha. Baada ya siku tatu hadi wiki moja idadi hupungua. Kundi kubwa linaweza kuchukua wiki kadhaa, na pamba ibadilishwe kila inapokauka.

Kwa wale wadogo wa rangi ya asali, wanaojulikana kwa wataalamu kama sisimizi wa farao, kufukuza si kupoteza muda tu, ni kuwazidisha. Kundi lao lina malkia wengi wanaoishi miezi tu, na likishtushwa na dawa ya kupuliza hujigawa: baadhi ya vibarua huchukua malkia mmoja na mabuu machache wakahamia ukuta mwingine. Aliyekuwa na kundi moja jikoni akipuliza kila wiki anaweza kuishia na makundi chumbani, bafuni na sebuleni, akilaumu dawa kuwa imeghushiwa. Hawa ndio pia waliokutwa mara nyingi hospitalini katika nchi mbalimbali wakibeba vijidudu kutoka kwenye uchafu hadi kwenye vidonda, hivyo nyumba yenye mgonjwa mwenye jeraha isiwachukulie kama kero ya kawaida. Tiba yao ni chambo peke yake, kwa subira ndefu, kwa kuwa kutoka yai hadi kibarua mzima hupita wiki tano au sita na kizazi kilichokuwa ndani ya mayai lazima nacho kikutane na sumu.

Asidi ya boriki ni sumu hafifu ikilinganishwa na dawa nyingi za wadudu, lakini ni sumu. Kijiko na kikombe ulivyochanganyia visirudi kwenye vyombo vya chakula, pakiti iandikwe jina kwa herufi kubwa na kuwekwa mbali na sukari na chumvi, ambazo inafanana nazo. Mtoto akiila, apelekwe hospitali mara moja pamoja na pakiti yenyewe ili daktari ajue anashughulika na nini, na asilazimishwe kutapika.

Sambamba na chambo, au mara baada yake, matundu yazibwe. Ufa wa msingi uzibwe kwa saruji, upenyo kando ya fremu ya dirisha na pale mabomba yanapopita ukutani uzibwe kwa putii. Kuziba kabla ya chambo kufanya kazi si busara, kwani kundi lililo ndani ya ukuta litatafuta tundu lingine, pengine la chumba cha kulala. Dagaa wahamie kwenye ndoo yenye mfuniko unaokaza, sukari vilevile. Utazamwe pia mti au ua la chunguni lililo karibu na dirisha: majani yakinata na upande wake wa chini ukiwa na vidukari, basi sisimizi wanafuga pale, wanakunywa utamu unaotolewa na wadudu hao, na nyumba ni barabara yao tu. Kuosha majani kwa maji ya sabuni huwaondolea mifugo.

Limebaki jambo la nyumba za kupanga, ambazo ndizo makazi ya watu wengi mjini. Vyumba sita vinavyotazamana kwenye korido moja vina msingi mmoja na dari moja, na kwa sisimizi hiyo ni nyumba moja. Mpangaji wa chumba cha kwanza akipuliza dawa, wanahamia cha tatu; wa tatu akimwaga majivu, wanarudi cha pili; na maneno yanaanza kati ya majirani kuhusu nani ni mchafu. Chambo kikitegeshwa na wote kwa wiki ileile, kwa mchanganyiko uliopikwa na mtu mmoja ili vipimo visitofautiane, na kila mmoja akikubali kutopuliza kitu kwa muda huo, gharama kwa kila chumba huwa ndogo na kundi hukosa pa kukimbilia. Ikiwa baada ya miezi miwili ya utaratibu huo mstari bado upo, kiota huenda kiko ndani kabisa ya ukuta au chini ya sakafu ya zege, na hapo mwenye nyumba ndiye wa kuitwa, aje na fundi wa kupuliza dawa mwenye leseni, naye aulizwe mapema kama atatumia chambo au atapuliza.